Maziwa kwa Msichana Asiye na Mimba

Mwezi huu tunaeleza jambo ambalo akina mama hulinong'ona jikoni tu.

Tuchukue mfano wa msichana wa miaka 16 wa Tongoni. Alivunja ungo akiwa na miaka 13, akawa anapata siku zake vizuri, kisha zikakatika miezi mitano. Siku moja mama anaona doa kwenye gauni lake, mahali pa titi. Bibi anaminya, yanatoka maziwa. Basi kesi imekwisha: binti ana mimba, au ameitoa. Anachapwa ili amtaje mwanamume, na kila anavyokana ndivyo anavyoonekana mwongo.

Tukiri kwamba hata sisi wauguzi tumewahi kuuliza "mimba ya nani?" kabla ya kupima mkojo. Ni kweli, mimba ndiyo ya kufikiriwa kwanza, na kipimo chake huchukua dakika chache. Lakini kipimo kikikataa, na tumbo likipimwa halina kitu, tumsadiki mtoto na tutafute kwingine.

Ndani ya kichwa, chini ya ubongo, ipo tezi ndogo kama punje ya mbaazi, iitwayo pituitari. Miongoni mwa homoni zake ni prolaktini, inayoyaamuru matiti kutengeneza maziwa. Homoni hiyo ikizidi hunyamazisha mayai. Ndiyo maana mama anayenyonyesha hukawia kuziona siku zake. Kwa msichana asiyezaa inaweza kuzidi vilevile.

Mara nyingine chanzo ni dawa. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika, na haloperidoli au klopromazini wanazopewa wagonjwa wa akili, zote hupandisha prolaktini. Kwa hiyo njooni na dawa zote anazomeza, hata za kununua dukani. Asiziache mwenyewe kabla ya kumwona daktari.

Mara nyingine ni tezi ya shingo iliyolegea. Msichana huwa mzito, huhisi baridi, hupata choo kigumu, na shingo yaweza kuvimba au isivimbe. Damu ikionyesha hivyo hupewa vidonge vya thairoksini, na maziwa hukauka bila kuguswa kichwa. Ndiyo sababu kipimo hiki hutangulia picha.

Mara nyingine chanzo ni uvimbe kwenye pituitari yenyewe. Ukiwa mkubwa huleta maumivu ya kichwa yasiyoisha na hubana mishipa ya macho, ambayo hupita juu yake. Binti anasoma ubaoni vizuri, ila haoni pembeni: anagonga fremu ya mlango, hastukii pikipiki inayotokea ubavuni. Huyo asingoje mwisho wa mwezi. Apelekwe mara moja Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, na kutoka huko anaweza kupelekwa Muhimbili kwa picha ya kichwa ya MRI. Neno "uvimbe" lisiwaue moyo. Karibu daima huu si saratani, na kwa wengi vidonge vya kabegolini au bromokriptini huusinyaza bila upasuaji. Ukiachwa miaka, mifupa nayo hudhoofika kwa kukosa homoni ya kike.

(Msichana asiyevunja ungo kabisa hadi miaka 15, au asiyeota matiti hadi miaka 13, naye aletwe, lakini njia ya kumchunguza ni nyingine.)

Mkija, andikeni tarehe za siku zake za mwisho. Mama usiudhike tukikuomba ukae nje kidogo. Yapo maswali, kama sindano ya kuzuia mimba, ambayo mtoto hujibu vizuri akiwa peke yake. Naye bibi au somo wake aache kumminya matiti ili kuhakikisha. Kuminya kwenyewe hupandisha prolaktini, na kipimo cha damu kitatudanganya.