Mkesha wa Simba Chini ya Noah

Asubuhi ya Januari mosi makundi ya WhatsApp ya mitaa ya Arusha hujaa salamu za mwaka mpya, na katikati ya salamu hizo hupenya picha za mbwa. Ametoka usiku, ana mkanda mwekundu shingoni, atakayemwona apige simu. Njiro, Sakina, Ngaramtoni, kilio ni kimoja. Wanaopotea si mbwa koko. Ni mbwa wa ulinzi, wale ambao geti lao limeandikwa "Mbwa mkali". Mwaka mzima wanatisha wapita njia, halafu saa sita ya usiku wa mkesha wanaruka ukuta wenye vipande vya chupa na kutokomea.

Watu hucheka: mbwa gani huyu wa kuogopa baruti? Wanaocheka hawana sikio lake. Sikio la mtu, tena la kijana, huishia kwenye sauti za mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. La mbwa hufika takriban 45,000. Mluzi wa fataki inayopaa tunausikia juujuu, yeye unampenya. Isitoshe, hajui kalenda. Radi hutanguliwa na mawingu, upepo na harufu ya mvua, kwa hiyo mbwa huwa ameshahisi jambo. Fataki haina dalili. Na mkesha wa kwetu una mengi zaidi ya fataki: honi, watoto wanaogonga mabati na mageti, matairi yanayowaka barabarani ingawa polisi huyapiga marufuku kila Desemba.

Jirani yangu anafuga dume kubwa la rangi ya mchanga, jina lake Simba (mtaa wetu una akina Simba kadhaa). Mkesha mmoja nilimkuta amejibana chini ya gari aina ya Noah ya baba mwenye nyumba, mkia ameufyata, udenda unamchuruzika hadi kifuani, anahema kama aliyetoka kukimbizwa. Mlinzi alimsogezea pande la nyama ya mbuzi mpaka puani. Hakulinusa. Mbwa anayekataa nyama haigizi.

Usiku kama huo usimfunge mnyororo. Akishtuka atajivuta, na anaweza kujinyonga. Mpeleke akajisaidie kabla giza halijaingia, mpe chakula mapema, kisha mwingize chumba cha ndani, pazia limefungwa, redio inaimba. Na ukimkuta anatetemeka, mshike. Wapo wanaosema kumbembeleza ni kumdekeza, atazidi kuwa mwoga. Madaktari wa mifugo wameshaachana na hoja hiyo, kwa kuwa hofu si tabia unayoizawadia. Vidonge vya usingizi vya binadamu ni hatari, usimpe. Hata kati ya dawa za mifugo zipo zinazolegeza mwili tu huku masikio na woga vikiwa macho, kwa hiyo muulize daktari mapema, si jioni ya tarehe 31. Mwenye subira huanza miezi kabla: humsikilizisha mlio wa fataki kwenye simu, sauti ikiwa chini sana, huku anamlisha kitu anachokipenda, kisha anaipandisha kidogo kidogo.

Lakini shida kubwa ninayoiona mimi haianzi Desemba. Mbwa wengi wa ulinzi hushinda bandani mchana kutwa. Hufunguliwa usiku, hupewa ugali wa dona na dagaa, alfajiri hurudishwa ndani. Tangu siku alipoletwa akiwa kwenye boksi hajavuka geti. Akiruka ukuta kwa kiwewe, atarudi vipi, na njia ya kwao hajawahi kuikanyaga hata mara moja?

Ndiyo maana napenda kuwaona vijana wanaokimbia na mbwa wao alfajiri kwenye njia za vumbi za Ngaramtoni, mahindi huku na huku na Mlima Meru ukionekana. Mbwa anayezunguka hivyo kila wiki anazijua kona, miti na harufu za jirani zake. Hata hivyo, kukimbia naye kuna adabu yake. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Joto hulipunguza kwa kuhema na kidogo kwa nyayo, basi jua likianza kuchoma, rudini. Mtoto wa mbwa wa aina kubwa asikimbizwe masafa kabla ya mwaka mmoja na nusu hivi, mifupa yake bado inakua. Kamba isitoke mkononi penye kuku, mbuzi au ng'ombe, maana mbwa wa wafugaji hawana mzaha na mgeni. Ukipishana na mzee aliyevaa kanzu anaelekea msikitini, ivute kamba. Hataki udenda wa mbwa kwenye nguo ya sala. Mkifika nyumbani mkague kupe ndani ya masikio na katikati ya vidole, maana homa ya kupe inaua mbwa kweli.

Na mkimbiaji asiye na mbwa, yule anayebeba jiwe mfukoni kwa kuhofia kung'atwa, asidharauliwe. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Akikung'ata mbwa usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, uende hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye mbwa naye amchanje kila mwaka. Septemba 28, siku ya kimataifa ya kichaa cha mbwa, sehemu nyingi huchanja bure.

Kuandika namba ya simu kwenye mkanda wa mbwa, ili akipotea arudishwe, ni kazi ya dakika mbili, na wengi hawaifanyi. Mtaani kwetu ni rahisi zaidi kununua mbwa mwingine. Kufikia Februari analetwa kwenye boksi, anaitwa Simba, anaingizwa kwenye banda lile lile.