Dawa Inaua Saratani, Lakini Inagusa Protini Ipi?

Dawa inaweza kuua seli za saratani maabara na bado wataalamu wasijue imeziua kwa njia gani. Suala hilo lina uzito kwa mgonjwa, kwa kuwa jibu lake ndilo huongoza uamuzi wa nani apewe dawa hiyo na madhara yapi yatazamiwe.

Dawa nyingi za kizazi kipya hubuniwa ili zishikamane na protini moja ambayo seli ya saratani huitegemea ili iishi. Protini hiyo ndiyo shabaha ya dawa. Mfano mashuhuri ni imatinibu, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2001 kutibu aina mojawapo ya saratani ya damu, lukemia ya mayeloidi ya muda mrefu. Katika ugonjwa huo, kromosomu namba 9 na namba 22 hubadilishana vipande, na matokeo yake ni protini isiyo ya kawaida inayoichochea seli igawanyike bila kikomo. Imatinibu huizima protini hiyo; seli zenye afya, ambazo hazina protini hiyo, kwa kiasi kikubwa husalimika.

Si kila dawa ina historia iliyonyooka namna hiyo. Mwaka 2019, timu ya mtafiti Jason Sheltzer wa Maabara ya Cold Spring Harbor, jimboni New York, ilichapisha uchunguzi wa dawa 10 zilizodaiwa kulenga protini 6, baadhi zikiwa tayari zinajaribiwa kwa wagonjwa. Kwa teknolojia ya kuhariri jeni iitwayo CRISPR, watafiti waliziondolea seli za saratani jeni zinazotengeneza protini hizo. Iwapo madai yalikuwa sahihi, seli zilipaswa kufa au kudhoofika. Ziliendelea kukua. La kushangaza zaidi, dawa ziliziua hata seli zilizokwisha kunyang'anywa shabaha iliyodaiwa. Dawa zilikuwa na nguvu. Kilichokosewa ni maelezo yake.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuitafuta shabaha ya kweli ya dawa mojawapo, OTS964, iliyodhaniwa kulenga protini iitwayo PBK. Seli ziliwekwa ndani ya dawa hiyo hadi zikabaki chache zilizostahimili. Jeni zake ziliposomwa, yalionekana mabadiliko katika jeni ya protini nyingine kabisa, CDK11, inayohusika na kugawanyika kwa seli. Badiliko hilo lilipopandikizwa katika seli ambazo hazijawahi kukutana na dawa, nazo zikawa sugu. Usugu, ambao hospitalini ni adui, hapo uligeuka kuwa shahidi.

Kosa la shabaha lina gharama. Jaribio linaweza kuwachagua wagonjwa kwa kupima protini isiyohusika, likawaacha wale ambao dawa ingewafaa, kisha dawa ikatupwa kwa kuonekana haifanyi kazi.

Nchini Tanzania, majaribio ya dawa kwa binadamu huhitaji kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) pamoja na idhini ya kimaadili. Mwananchi anayeombwa kushiriki ana haki ya kuelezwa dawa hiyo inatarajiwa kufanya nini mwilini kabla ya kutia saini, na anaweza kujitoa wakati wowote.