Lainbeka hapimwi kwa kifua: tumhukumu Adongo kwa haki

Siku hizi niko huku bara kikazi, baina ya Meru na Embu, na kila nikikaa na vijana wanaocheza raga jina moja halikosi kutajwa: Daniel Adongo. Pale Majengo, Meru, kijana mmoja aliniambia, "Ustadh, yule jamaa alituaibisha. Mwili wote ule, na bado Wamarekani wakamwacha." Embu nako, katika mtaa uitwao Dallas, ambao hauna habari na Dallas Cowboys, nikasikia maneno yayo hayo. Kijana huyo wa Meru mwenyewe ameacha masomo ya ufundi, anajenga misuli tu, akingojea siku NFL watakapokuja kumwona. Ndiyo maana naona hukumu hii tuichambue vizuri.

Tukumbushane. Adongo ni Mkenya aliyecheza raga Afrika Kusini na New Zealand. Mwaka 2013 Indianapolis Colts walimsajili awe lainbeka wa pembeni, ilhali hakuwa amecheza hata mechi moja ya futiboli ya Kimarekani. Urefu wake ni futi 6 na inchi 5, na uzani wake wakati huo takriban kilo 120. Tarehe 8 Disemba 2013 aliingia uwanjani dhidi ya Cincinnati Bengals, akahesabiwa Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Baada ya hapo alicheza mechi za kuhesabika kwa vidole, na mwaka 2015 Colts wakaachana naye. Kwa matumaini tuliyokuwa nayo, matokeo hayo yalivunja moyo. Hilo silipingi.

Lakini lainbeka ni nani? Kila upande una wachezaji 11. Wanaoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Mbele wanasimama mabaunsa wa pande mbili, na nyuma ya mabaunsa wa ulinzi, au pembeni yao, ndipo anaposimama lainbeka. Kwa wapenzi wa kabumbu, mfikirie namba sita. Mpira ukianza tu, ana muda mfupi mno wa kuamua: wanakimbia nao, wanaurusha, au wananihadaa? Akikosea hatua moja, nafasi imeshafunguka.

Hapa ndipo raga inapomponza mtu. Katika raga, kumzuia mpinzani asiye na mpira ni kosa, kwa hiyo mkabaji huzoea kuufuata mpira kwa macho. Katika futiboli ya Kimarekani kuna watu ambao kazi yao ni kukuzuia wewe, hata kama mpira uko mbali. Basi lainbeka hutakiwa kuwasoma kwanza hao wazuiaji, miguu yao na mabega yao, kabla ya kuutazama mpira. Wamarekani wengi hufundishwa jambo hilo tangu shule. Adongo alilianza akiwa na miaka 23, na tayari yuko katika ligi ya juu kabisa. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema.

Ushahidi ulikuwa kwenye timu yake mwenyewe. Msimu huo wa 2013, lainbeka wa pembeni wa Colts alikuwa Robert Mathis. Ni mfupi na mwepesi kuliko Adongo, lakini ndiye aliyeongoza NFL nzima kwa kumwangusha kwotabeki, yaani mrushaji, kabla hajautoa mpira: mara 19 na nusu, ile nusu ikitokana na kusaidiana na mwenzake. Mathis alikuwa NFL tangu 2003. Ingekuwa ni kifua tu, Adongo angempita. Tofauti yao, kwa maoni yangu, ilikuwa macho na miaka.

Wengine wataniuliza: mbona Jordan Mailata alifaulu? Huyo naye alitoka raga, ile ya Australia, na Philadelphia Eagles wakamchukua 2018. Lakini alipitia mpango maalumu wa NFL wa kuwaandaa wachezaji wa kigeni, ulioanza 2017, miaka minne baada ya Adongo kwenda. Tena hakucheza mechi rasmi hadi 2020. Na kazi yake ni kuzuia: anajua mpango wa timu yake kabla mpira haujaanza, wakati lainbeka anabahatisha mpango wa mwenzake. Chukua mche wa mnazi Msambweni ukaupande Nkubu kwenye baridi na majani chai, halafu useme mche ulikuwa mbovu. Si haki.

Basi ukitaka kumpima lainbeka yeyote, jiulize mambo matatu. Amepewa nafasi ngapi za kucheza? Amepewa kazi gani: kumkimbilia mrushaji, kuziba njia, au kulinda mipira ya juu? Na anapomwangusha mtu, anamwangusha wapi? Anayemwangusha mpinzani yadi nane baada ya mstari ameandikiwa sifa kwenye karatasi, lakini mpinzani ameshapata alichotaka.

NFL walikuja Nairobi 2023 kusaka vipaji, na futiboli ya vitambaa, isiyo na kugongana, itachezwa Olimpiki ya Los Angeles 2028. Milango ipo. Lakini mzazi, usikubali mwanao aache shule kwa sababu ana mabega. Na wewe kijana, kabla ya kunyanyua chuma kingine, tazama mechi nzima bila kuufuata mpira. Mfuate lainbeka mmoja tu, ubashiri ataelekea wapi kabla hajasogea. Ukianza kupatia, hapo utakuwa umeanza kujifunza kazi yenyewe.