Kanisa dogo ndani ya kanisa kubwa

Assisi ni mji wa kale wa mawe, uliojengwa kwenye mteremko wa mlima Subasio, katikati ya Italia. Kabla Injili haijafika, Warumi walijenga hapo hekalu la miungu yao. Nguzo zake zingali zimesimama, na leo jengo hilo ni kanisa la Bikira Maria. Mahujaji wengi hupanda moja kwa moja hadi basilika ya Mtakatifu Fransisko, iliyoanza kujengwa mwaka 1228, miaka miwili tu baada ya kifo chake.

Nilipohiji huko, kilichonigusa zaidi kiko chini bondeni. Hapo lipo kanisa la Bikira Maria wa Malaika, lenye urefu wa mita 126. Ukiingia, unakuta ndani yake kanisa jingine, dogo, la mawe. Linaitwa Porziuncola, yaani kipande kidogo cha ardhi. Fransisko alilikarabati kwa mikono yake, akaishi hapo na ndugu zake wa kwanza. Hatua chache kutoka mlangoni pake, jioni ya Oktoba 3, 1226, alifariki, baada ya kuomba alazwe juu ya ardhi tupu.

Waliojenga lile kubwa wangeweza kulibomoa dogo ili wapate nafasi. Hawakufanya hivyo. Kuta zile ndefu zilijengwa ili kulihifadhi.

Parokia zetu nazo zinajenga. Waamini wanaongezeka, na michango ni ya lazima. Lakini mjane asiye na kitu akianza kukwepa Misa kwa kuogopa jina lake kusomwa miongoni mwa wasiotimiza ahadi, basi tumeinua kuta na kubomoa kilichomo ndani. Katika kanisa la San Damiano, Fransisko alimsikia Kristo Msulubiwa akimtuma kuitengeneza nyumba yake. Alianza kwa kubeba mawe. Baadaye alielewa kwamba nyumba hiyo ni watu.

Wiki hii, jumuiya inapokutana, kabla ya kuhesabu fedha tuhesabu watu. Nani hajaonekana muda mrefu? Mwendeeni nyumbani kwake. Kaeni naye, mjulieni hali, salini pamoja. Kitabu cha risiti kiacheni parokiani.