USIONE VYAELEA, VIMEUNDWA
Ufundi wa nyuzi za kaboni na vifuniko vya injini vipenyavyo nuru

Mji wa Gisenyi, ulioko ukingoni mwa Ziwa Kivu katika Wilaya ya Rubavu, ni mahali ambapo mtu aweza kujifunza historia nzima ya chombo cha magurudumu bila ya kwenda mbali. Ng'ambo ya mpaka, mjini Goma, kuna chukudu, chombo cha mbao kibebacho viazi, makaa na magunia ya saruji, ambacho fundi hukichonga kwa panga na tezo. Katika barabara za Gisenyi zenyewe kuna pikipiki za abiria. Na kila mara mashindano ya Tour du Rwanda yanapofika Rubavu, wakazi hushuhudia baiskeli ambazo mtu aweza kuziinua kwa mkono mmoja, kwani mihimili yake si ya chuma bali ni ya nyuzi za kaboni.

Nyuzi hizo ndizo zilizoyafanya magari ya mashindano kuwa mepesi na yenye nguvu. Vijana wengi wa gereji huzitazama picha za magari hayo kwa hamu: boneti nyeusi yenye mafumo kama ya mkeka, na kifuniko kipenyacho nuru kinachoiacha injini ionekane kama samaki ndani ya maji. Wako wanaosema kuwa huo ni ufahari mtupu. Ukurasa huu leo waeleza namna vitu hivyo vinavyotengenezwa, kwa sababu mbili. Kwanza, maarifa hayo hayo ndiyo yanayoilinda sura ya askari nyuma ya ngao yake. Pili, kazi hiyo, ikifanywa kwa pupa, huingiza madhara hadi nyumbani kwa fundi.

ASILI YA NYUZI

Bibi zetu waliojenga nyumba za fito na udongo waliijua siri hii zamani. Udongo peke yake hupasuka. Fito peke yake hupinda. Vikiunganishwa, ukuta husimama. Kaboni nayo ni hivyo hivyo. Nyuzi ndizo fito, na gundi ngumu iitwayo epoksi ndiyo udongo.

Mnamo mwaka 1961 mtaalamu wa Kijapani Akio Shindo alionyesha kuwa uzi wa kiwandani wa jamii ya akriliki waweza kugeuzwa kaboni kwa moto, na mwaka 1963 wataalamu wa Farnborough, Uingereza, wakapata njia ya kuupa uzi huo nguvu kubwa. Uzi hupashwa joto la nyuzijoto 200 hadi 300 penye hewa, kisha zaidi ya 1,000 pasipo hewa ya oksijeni, ili usiungue ukawa majivu. Unaobaki ni mwembamba kuliko unywele wa binadamu mara kadhaa. Ujazo wa lita moja wa chuma cha feleji huwa na uzito wa karibu kilo 7.8, ujazo huo huo wa kaboni iliyogandishwa kwa epoksi ni karibu kilo 1.6 tu.

Mwaka 1981 kampuni ya McLaren iliingiza katika mashindano ya Formula One gari la MP4/1, lililosanifiwa na John Barnard, ambalo kiini cha bodi yake kilikuwa cha kaboni. Wengi walihofu kwamba litavunjika kama chungu. Mwaka huo huo, huko Monza nchini Italia, dereva John Watson aligonga kizuizi kwa kishindo hata injini ikakatika na kutengana na gari. Naye akatoka akitembea kwa miguu yake. Tangu siku hiyo shaka ilipungua.

KIPANDE HUZALIWA NDANI YA KALIBU

Fundi hatengenezi boneti moja kwa moja. Huanza na kielelezo, kisha hutengeneza kalibu, yaani umbo pokezi. Katika kazi hii mchongaji na mfinyanzi wana la kumfundisha fundi wa magari. Na Rubavu haina upungufu wa elimu hiyo, kwani shule ya sanaa ya Nyundo ilianzishwa humo wilayani mwaka 1952. Kalibu hupigwa msasa mpaka ing'ae, kisha hupakwa nta mara kadhaa ili kipande kisigande.

Baadaye kitambaa cha kaboni hulazwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likigeuzwa upande, maana uzi una nguvu kwa urefu wake na si kwa ubavu. Epoksi hupimwa kwa mizani, wala haikisiwi kwa jicho. Kisha kipande hufunikwa kwa mfuko wa plastiki, na pampu hunyonya hewa iliyomo. Hapo hewa ya nje ndiyo inayofanya kazi ya kukandamiza. Pwani ya Mombasa au Dar es Salaam, hewa hiyo hukandamiza kwa nguvu ya karibu tani 10 kwa kila mita moja ya mraba. Gisenyi, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa karibu mita 1,480, nguvu hiyo hupungua hadi tani nane na nusu hivi. Bado yatosha kuondoa mapovu na gundi ya ziada. Viwanda vikubwa huongeza joto na shinikizo ndani ya tanuri maalumu.

KIFUNIKO CHA INJINI

Kuhusu vifuniko vipenyavyo nuru, mfano mashuhuri ni gari la Ferrari F40 la mwaka 1987. Injini yake iko nyuma ya dereva, nayo imefunikwa kwa plastiki angavu yenye mianya ya kupitisha joto. Mianya hiyo haikuwekwa kwa urembo. Injini isiyopumua huchemka, na kifuniko huharibika kabla ya safari kwisha.

Plastiki zinazotumika aghalabu ni mbili. Akriliki ni angavu sana, lakini huanza kulainika kwenye nyuzijoto 105 hivi, na ikivunjika hutoa ncha kali. Polikaboneti, iliyovumbuliwa na Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer nchini Ujerumani mwaka 1953, huanza kulainika kwenye 147 hivi, na hupinda kabla ya kuvunjika. Hata hivyo ina tabia ya kufyonza unyevu wa hewa. Bamba lake lisipokaushwa kwa saa kadhaa katika joto la karibu 120, likipashwa moto wa kulikunja hujaa mapovu kama uji uchemkao. Fundi wa mji wa ziwani, wenye masika ya mvua nyingi, asilisahau jambo hili.

Isitoshe, bamba la mita moja likiongezewa joto la nyuzi 60 hurefuka kwa karibu milimita 4. Kwa hiyo matundu ya skrubu lazima yawe mapana kuliko skrubu zenyewe, na skrubu zisikazwe kupita kiasi. Wengi hulaumu plastiki kwa kupasuka, ilhali kosa ni la keekee.

NGAO YA ASKARI NA KOFIA YA PIKIPIKI

Ngao angavu za askari wa kutuliza ghasia, na vioo vya kofia nyingi za pikipiki, ni polikaboneti hiyo hiyo. Yaweza kuhimili jiwe lililotupwa, lakini haiwezi kuhimili petroli, thina wala asetoni. Vimiminiko hivyo huingia ndani yake na kuifanya iwe na nyufa ndogo mno, na siku ya pigo hupasuka pale ilipotarajiwa kupinda. Askari, au mke wa askari amsaidiaye mumewe kusafisha vifaa, asitumie kamwe petroli kuondoa rangi au lami. Atumie maji ya uvuguvugu, sabuni laini na kitambaa cha pamba, wala asikaushe kwenye moto.

Kaboni nayo ina hila yake. Chuma kikipigwa hubonyea, na jicho huona. Kaboni yaweza kuvunjika kwa ndani huku juu pakionekana salama. Fundi mzoefu hugonga kwa sarafu polepole: mahali pazima hulia kwa sauti kali, palipoachana hutoa sauti nzito iliyokufa. Anayenunua kipande kilichotumika, awe wa baiskeli au wa gari, na asikilize kabla ya kulipa.

HATARI IINGIAYO NYUMBANI

Vumbi litokalo wakati wa kukata na kupiga msasa huwasha ngozi na kudhuru mapafu. La kaboni pia hupitisha umeme, hivyo laweza kuharibu vyombo vya umeme likiingia ndani yake. Fundi na avae barakoa madhubuti, miwani na glavu, na apige msasa kwa maji. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, mbali na nepi za mtoto.

Epoksi ikishika ngozi mara kwa mara huleta mzio usioisha. Ama gundi rahisi ya poliesta, itumiwayo na nyuzi za kioo, ina kigumishi kinachoweza kupofusha jicho. Likirukiwa lisafishwe papo hapo kwa maji mengi, kwa muda usiopungua dakika 15, kisha mtu apelekwe hospitali. Kigumishi hicho kisichanganywe kamwe moja kwa moja na kichapuzi chake, kwa kuwa huweza kulipuka. Wala kisihifadhiwe katika chupa ya soda, maana mtoto hasomi kilichomo. Huona chupa tu.

PA KUANZIA

Kijana wa Gisenyi, au askari aliyestaafu atafutaye kazi ya mikono, hana haja ya kungojea gari la Ferrari lipande milima ya Rubavu. Nyuzi za kioo ni nafuu kuliko kaboni, na zafundisha kalibu ile ile, nta ile ile na subira ile ile. Kwazo hutengenezwa ubao wa matope wa pikipiki, kifuniko cha tangi, au kiraka cha boti. Atakayeweza kutoa kipande kisicho na povu katika nyuzi za kioo ataweza kaboni siku atakapoipata.

Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Boneti nyeusi ing'aayo pichani imepitia mizani, pampu, msasa na mikono iliyovaa glavu. Anayetaka kuiga mng'ao wake na aanze kwa kununua barakoa na mizani, ndipo anunue kitambaa.