Ngeli, Nukta-Mkato na Mwanafunzi wa Kisumu: Juu ya Ugumu wa Kujifunza Lugha Isiyo ya Nyumbani

Katika mijadala juu ya ufundishaji wa Kiswahili nchini Kenya, wenyeji wa mwambao wa Ziwa Victoria wametajwa mara nyingi kama mfano wa wanafunzi wanaoshindwa na lugha ya taifa. Wachekeshaji wa redio na televisheni wamejipatia riziki kwa kuyaiga matamshi yao, na walimu wengi huyataja makosa yao kana kwamba ni ya kuzaliwa nayo. Sababu inayotolewa kwa kawaida ni moja: Dholuo ni lugha ya Kinailoti, Kiswahili ni lugha ya Kibantu, na mwanafunzi huibeba ile ya kwanza mpaka ndani ya hii ya pili. Makala haya yanaikubali sehemu ya hoja hiyo na kuipinga sehemu iliyobaki. Tutajaribu kuonyesha kwamba kinachomkatisha tamaa mwanafunzi wa Kisumu si umbali wa lugha hizi mbili peke yake, bali ni namna lugha anayojifunza inavyomjibu, au isivyomjibu, pale anapokosea. Ili jambo hilo lionekane vizuri zaidi, tutalilinganisha na lugha za kompyuta, ambazo wanafunzi hao hao sasa wanatakiwa kuzichagua na kujifunza.

Kiswahili hakikuanzia darasani huku ziwani. Reli kutoka Mombasa iliufikia ukingo wa ziwa Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence wakati huo, na mpaka mwaka 1902 sehemu hii ilihesabiwa kuwa ya Uganda. Lugha iliyofuatana na reli ilikuwa ya kibarua, ya askari na ya mwenye duka. Shule ilichelewa kuipa lugha hiyo hadhi. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza; Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilitaka Kiswahili kiwe somo la lazima; lakini ni mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliokifanya kitahiniwe kwa kila mwanafunzi. Mzazi aliyemaliza shule kabla ya hapo aliweza kufaulu vizuri sana bila kuandika insha hata moja ya Kiswahili katika mtihani wa taifa. Yafaa tulikumbuke jambo hili kabla ya kumlaumu mwanawe.

Tuanze na sauti, maana ndizo zinazochekwa. Dholuo haina konsonanti /sh/, /z/ wala /v/. Mwanafunzi anapozikuta hushika zile za jirani, yaani /s/ na /f/. Hapo shuka hugeuka suka, zaa hugeuka saa, na mvuvi anayesema kwamba amekwenda kuvua husikika kana kwamba amekwenda kufua. Lakini wanaocheka husahau upande wa pili. Dholuo ina sauti za meno zilizo karibu sana na dh na th, na ina ng' mwanzoni mwa maneno kadiri upendavyo. Maneno kama dhahabu, thelathini na ng'ombe, yanayowatatiza Wabantu wengi wa bara, Mjaluo huyatamka bila shida. Isitoshe, lugha yake ni ya toni, na toni hutofautisha hata hali za kitenzi. Masikio yaliyolelewa hivyo si masikio butu. Kuna mahali ambapo Kiswahili ndicho kinachoonekana kikavu. Dholuo ina maneno kama nende, nyoro na nyocha, ambayo huambatana na kitenzi na kutenga tukio la mapema leo, la jana na la siku zilizotangulia. Kiswahili huyafunika yote kwa -li- moja, na anayetaka zaidi ajiongezee kielezi.

Ugumu mkubwa umo katika upatanisho wa kisarufi. Nomino ya Dholuo haina ngeli. Ina umoja na wingi, na wingi wenyewe una utata wake, kwa kuwa konsonanti ya mwisho wa shina hubadilika: got, yaani mlima, wingi wake ni gode, na chogo, yaani mfupa, wingi wake ni choke. Wanaisimu wa lugha za Kinailoti wameandika sana juu ya mageuzi hayo. Mtoto anayeyamudu kabla ya kwenda shule hawezi kuambiwa kwamba akili yake haikubali sarufi. Lakini nomino hiyo, hata iwe na umbo gani, hailazimishi chochote kwa majirani zake isipokuwa umoja au wingi. Kiunganishi cha umilikaji ni mar kwa kitu kimoja na mag kwa vitu vingi: buk mar nyathi, buge mag nyithindo. Basi. Mtoto huyu akija kwenye Kiswahili hukutana na wa, ya, la, cha, vya, za, kwa, pa na mwa, na huambiwa achague kwa kuitazama nomino ambayo pengine ndiyo kwanza aisikie.

Anachofanya si ovyo hata kidogo. Huchagua ya kwa umoja na za kwa wingi: kitabu ya mtoto, vitabu za watoto. Tukilinganisha na mar na mag, tutaona kwamba mfumo ni ule ule, umevikwa tu nguo za Kiswahili. Mfuasi wa Robert Lado, ambaye mwaka 1957 aliieneza njia ya kulinganisha lugha mbili ili kutabiri makosa, angefurahi sana kuuona mfano huu. Furaha yake isingefika mbali. Nenda Nairobi ukawasikilize vijana wa Kikuyu na Kikamba, ambao lugha zao zina ngeli tele, nao watakuambia kitabu yangu na vitabu zangu. Nenda Maseno, mpakani mwa Wajaluo na Wanyore, ambapo watoto wa lugha hizo mbili huketi dawati moja. Mnyore anaijua ngeli tangu nyumbani, kwa maana lugha za Kiluhya husema omundu na abandu kama Kiswahili kisemavyo mtu na watu. Hata hivyo, akishazoea mazungumzo ya mjini, ya na za humvuta kama zimvutavyo mwenzake. Kosa ambalo hufanywa na mwenye ngeli na asiye na ngeli pia haliwezi kuelezwa kwa lugha-mama peke yake. S. P. Corder alikwisha kusema mwaka 1967 kwamba kosa la mwanafunzi ni ushahidi wa kanuni anayoijenga, naye Larry Selinker, mwaka 1972, aliipa jina lugha hiyo ya katikati na kueleza jinsi inavyoweza kuganda mahali ilipofika, isisogee tena.

Swali basi ni kwa nini inaganda. Jibu letu ni kwamba hakuna anayeikataa. Katika soko la Kibuye, mwenye kusema bei ya kitabu hii ni ngapi huelewa na kueleweka, hupewa kitabu chake na chenji yake. Muuzaji mwenyewe alijifunza Kiswahili kutoka kwa wengine waliojifunza. Lugha inafanya kazi yake yote bila ngeli, na siku ya Jumatatu mwanafunzi huyo huyo hupewa insha yake ikiwa imejaa wino mwekundu. Kwake yeye hili ni fumbo kubwa, na tunaona kwamba ndilo chanzo halisi cha kukata tamaa. Lugha iliyomlisha Jumamosi inamfelisha Jumatatu, wala hakuna aliyemweleza kilichobadilika katikati. Mwalimu akimwambia tu kwamba Kiswahili sanifu kinataka cha, mwanafunzi husikia amri, hasikii sababu.

Sasa tuitazame kompyuta. Pascal, lugha iliyotolewa na Niklaus Wirth mwaka 1970 kwa nia ya kufundishia, ilitumika kwa miaka mingi katika somo la kompyuta la shule za sekondari za Kenya. Ndani yake kila jina la kuhifadhia thamani lazima litangaziwe aina yake kabla ya kutumika: hili ni la namba kamili, lile ni la herufi. Ukijaribu kutia herufi mahali pa namba kamili, programu inayotafsiri maandishi yako hukataa kuendelea. Mwalimu wa Kiswahili ataona mara moja kwamba huu ni upatanisho. Aina hapa ni ngeli kwa jina jingine. Tofauti ni kwamba mwandishi wa Pascal humpangia jina aina mwenyewe, ilhali msemaji wa Kiswahili huikuta ngeli ya kisu imekwisha kupangwa na waliomtangulia. Lakini tofauti iliyo kubwa zaidi ni jibu. Mashine haikuelewi kwa huruma. Ukisahau nukta-mkato moja, kazi yote husimama.

Haifai kudhani kwamba jibu la namna hiyo haliudhi. Nukta-mkato inayokosekana mwishoni mwa mstari wa 12 hutangazwa mara nyingi kuwa kosa la mstari wa 13, na anayeanza huweza kuutazama mstari usio na hatia kwa muda mrefu. Mashine huona mahali ilipokwama. Nia yako haiijui. Tena maneno yake ya msingi, kama vile begin, while na end, ni ya Kiingereza, kwa hiyo mtoto wa Bondo au Usenge anajifunza lugha ya tatu kwa maneno ya lugha ya pili. Hata hivyo, anajua saa ile ile kwamba amekosea, na hana wa kumcheka.

Juu ya uchaguzi tutasema kwa ufupi. Mwanafunzi huulizwa kama atachukua Kifaransa, Kijerumani au kompyuta. Na tangu mwaka 2022, ambapo Taasisi ya Ukuzaji Mitaala iliidhinisha mtaala wa uandishi wa programu kwa shule za msingi na sekondari, huanza kulisikia swali mapema zaidi. Ushauri anaopewa ni wa soko la ajira, nalo soko halitulii: waliofundishwa Pascal wamewaona wadogo zao wakifundishwa Python, iliyotoka mwaka 1991 na isiyodai jina litangaziwe aina. Sisi tungependa aulize pia ni lugha ipi atakayopata mtu au kitu cha kumjibu nayo kila wiki. Kijerumani kisicho na msemaji wa karibu ni rahisi kuchagua na ni vigumu sana kukiendeleza.

Kwa upande wa Kiswahili, jibu linaweza kutengenezwa darasani. Ngeli huonekana kama pambo kwa sababu mazoezi yetu huweka nomino moja katika kila sentensi, na panapokuwa na nomino moja upatanisho hauna cha kutenganisha. Weka nomino nne, na ziwe za huko huko ziwani. Katika mashua ya Dunga mna wavu, kasia, nanga na kisu. Wanafunzi wawili wakae, mmoja awe nahodha na mwingine baharia, na nahodha asiruhusiwe kutaja jina la kitu wala kukionyesha kwa kidole. Akisema lete ule, umekuja wavu; lete lile, limekuja kasia; lete ile, imekuja nanga; lete kile, kimekuja kisu. Nahodha anayetaka wavu, naye kwa mazoea ya mjini akasema lete ile, ataletewa nanga mbele ya darasa zima, na hapatahitajika wino mwekundu wa kumweleza kwamba hakusema alichokusudia.