Sigara Moja Moja Ndiyo Mlango wa Uraibu

Mwanafunzi anayeanza kuvuta sigara hanunui pakiti. Fedha zake hazitoshi, na hata zingetosha, hana pa kuificha. Hununua sigara moja, akaazima kiberiti cha muuzaji, kisha akaendelea na safari yake. Kwa sababu hiyo, yeyote anayetaka kupunguza matumizi ya tumbaku hapa Kangari, Nyeri na katika miji mingine ya eneo la Mlima Kenya hana budi kuanzia vibandani.

Sheria tunayo. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Julai 2008, inakataza kumwuzia sigara mtu ambaye hajatimiza umri wa miaka 18. Inakataza pia kuuza pakiti yenye sigara chini ya kumi, sembuse moja! Mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliitupilia mbali rufaa ya kampuni ya British American Tobacco iliyopinga kanuni za mwaka 2014 zilizotungwa chini ya sheria hiyo. Kasoro basi haimo katika maandishi, bali katika utekelezaji. Chifu, wazazi na walimu wakuu wakikubaliana kuwaonya wenye vibanda vilivyo karibu na shule, mlango huu utafungwa bila kungoja amri kutoka Nairobi.

Lakini je, yule ambaye tayari amenaswa? Desturi ya shule nyingi ni kumfukuza. Adhabu hiyo humwondolea mwalimu kero, ila haimwondolei kijana uraibu. Nikotini hufika katika ubongo sekunde chache tu baada ya moshi kuvutwa, na mwili ukishaizoea huidai. Anayeacha hushikwa na hasira, hukosa usingizi na hushindwa kutuliza fikira darasani. Dalili hizo huwa kali zaidi katika siku za kwanza, kisha hupungua kadiri majuma yanavyopita. Mwalimu asiyelijua hili ataiona dalili na kuiita utovu wa nidhamu.

Msaada wenyewe si mgumu. Mwanafunzi na achague siku ya kuacha, amwambie mtu anayemwamini, na aepuke mahali na marafiki wanaomkumbusha sigara. Hamu inapomjia, anywe maji au atembee kidogo, kwani kwa kawaida hamu hiyo hupita baada ya dakika chache. Akianguka, aanze tena; wengi walioacha walijaribu zaidi ya mara moja. Watu wazima waliozama zaidi wanaweza kumwuliza daktari kuhusu dawa za kupunguza hamu ya nikotini.

Nanyi walimu mnaovuta, kumbukeni kwamba mtoto hujifunza kwa macho kabla ya masikio. Mwalimu anayeacha sigara wanafunzi wake wakishuhudia amewafundisha somo ambalo hakuna ubao unaoweza kulibeba.